Watu 9,000 Waliopotea Kalamuni

Juzi jioni nilikaa mezani na binti yangu tukijumlisha watu wa wilaya mbili jirani za Mkoa wa Tanga. Sensa ya mwaka 2012 ilipata watu 276,646 katika Wilaya ya Handeni na 242,038 katika Wilaya ya Korogwe, miji ya Handeni na Korogwe ikiwa imehesabiwa peke yake. Mimi nilipata jumla ya 509,684. Binti yangu akapata 518,684.

Nikamwambia kwa majivuno kidogo kwamba tutapima kwa tisa, njia iliyojulikana kwa wanahisabati wa Kihindi na wa Kiarabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tarakimu za namba hujumlishwa mpaka ibaki moja. Za Handeni ni 31, yaani 4. Za Korogwe ni 19, kisha 10, yaani 1. Nne na moja ni tano, basi jumla sahihi nayo haina budi kuishia tano. Tarakimu za jumla yangu zilileta 32, yaani 5. Nikatabasamu. Za binti yangu zikaleta 32 vilevile!

Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo tarakimu, ikae mahali popote katika namba, huacha baki ileile igawanywapo kwa tisa. Kipimo cha tisa hakijali mahali, na kosa langu lilikuwa la mahali: nilinakili 267,646, saba na sita zikabadilishana viti. Tofauti ni 9,000 kamili, nayo hugawanyika kwa tisa bila baki. Lau ingekuwa hesabu ya kugawa dawa au madawati, watu elfu tisa wa Handeni wangekosa fungu lao, na kipimo kingesema yote ni sawa.

Kumi na moja ni kali zaidi. Anza kulia, toa na kujumlisha kwa zamu. Handeni: 6−4+6−6+7−2 ni 7. Korogwe: 8−3+0−2+4−2 ni 5. Jumla ni 12. Ondoa 11, inabaki 1. Namba ya binti yangu: 4−8+6−8+1−5 ni −10, ongeza 11, ni 1. Yangu ilitoa −12, na baada ya kuongeza 11 mara mbili, 10. Nilinaswa. (Tarakimu zikipishana huku nyingine moja ikiwa katikati yao, hata kumi na moja hudanganyika.)

Sasa ni zamu yenu. Sensa hiyohiyo ilipata watu 79,056 katika mji wa Handeni na 68,308 katika mji wa Korogwe. Tuseme karani ameandika jumla kuwa 147,346. Ipimeni kwa tisa, kisha kwa kumi na moja, kabla hamjajumlisha.