Baba Amegeuka Ghafula: Amekua au Anaumwa?



Hapa Kisangani mama huja dispansera na shauri lile lile: «Muganga, bwana yangu amegeuka.» Bwana ana miaka 40 na zaidi. Jana alikuwa mtu wa kazi na nyumba. Leo anataka kuacha kazi, au ameingia dini nyingine, au halali tena nyumbani. Majirani wanasema ujana umemrudia. Wengine wanasema amerogwa.

Huko Ulaya na Marekani wanaita jambo hili msukosuko wa umri wa kati. Jina hilo lilienezwa na mganga wa nafsi Elliott Jaques, mzaliwa wa Canada, katika maandiko yake ya mwaka 1965. Lakini uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba watu wengi hupita umri huo bila msukosuko. Basi umri peke yake si jibu.

Mimi nasema: kabla ya kumhukumu mtu, pima mwili wake.

Nilijua fundi mmoja mpole. Akaanza kuwa mkali, kusahau, kukosa usingizi, kukwepa watu. Bibi yake alidhani kuna mwanamke mwingine, akarudi kwao. Mimi nilidhani ni pombe, maana mikono yake ilitetemeka. Sote wawili tulikosea. Siku za mapumziko alikuwa akichoma dhahabu jikoni kwake, ile iliyokamatwa kwa zebaki. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni, kisha hufika kwenye ubongo. Watoto waliolala chumba cha pili waliuvuta pia.

Malale nayo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, hugeuza tabia: mtu analala mchana, anakesha usiku, anagombana bila sababu. Imepungua sana nchini kwetu, lakini haijaisha. Dawa ya vidonge, ya siku 10, ilikubaliwa mwaka 2018. Kuna pia huzuni nzito isiyoondoka. Maneno ya jirani hayawezi kutenganisha mambo haya.

Mwili ukiwa mzima, tazama matunda. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alianza kazi Lemera mwaka 1983, akitaka kutibu watoto. Akaona wanawake wakifa kwa uzazi, akageuza njia, akaenda Ufaransa kujifunza uganga wa wanawake. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa. Mwaka 1999, akiwa na miaka 44, alianzisha hospitali ya Panzi. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu huko Brussels. Nani atasema ujana ulimrudia? Kila alipogeuka aliongeza mzigo begani mwake.

Kipimo changu ndicho hicho. Anayekua huongeza mzigo wake; anayekimbia humtwika bibi na watoto.

Kwa hiyo, mama, usifunge virago kwanza. Mlete bwana tumpime, na watoto pia. Nawe ndugu, usichome dhahabu nyumbani. Ukiwa na wazo la kubadili maisha, mweleze bibi yako kabla ya kumweleza rafiki wa pombe. Na usiku ukipita bila usingizi, mwambie mkubwa wako wa kazi kabla hujapanda mashine. Hakuna aibu. Aibu ni kumzika mtu tuliyemcheka.