Meropenemu Hailindwi na Bei Yake

Meropenemu ni antibiotiki ghali, na wagonjwa wengi wa Kampala hawajawahi kuchomwa hata sindano yake moja. Mtu angedhani basi kwamba bakteria wa mji huu hawajapata nafasi ya kuizoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha vingine: kati ya bakteria 196 wa jamii ya utumbo waliotoka kwa wagonjwa wa Hospitali ya Mulago, asilimia 28.6 walikuwa na jeni za kuhimili kabapenemu, kundi la dawa za akiba ambamo meropenemu imo. Wengine walibeba hata NDM-1, jeni iliyopewa jina la New Delhi. Bakteria hawahitaji viza. Jeni nyingi za usugu hukaa kwenye plasmidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine, na plasmidi moja huweza kubeba kinga dhidi ya dawa kadhaa. Tena vimeng'enya vingi ambavyo jeni hizo huzalisha kuvunja meropenemu huvunja pia seftriaksoni, sindano iliyozoeleka wodini na kliniki za mtaani. Kwa hiyo seftriaksoni anayochomwa mtu mwenye mafua ya virusi huua bakteria dhaifu tumboni mwake na kuwaachia uwanja wale walio tayari kuishinda meropenemu. Kuifungia kabatini dawa ya akiba huku hii ya kawaida ikitumiwa ovyo hakusaidii sana.

Nikisema kila antibiotiki iongozwe na kipimo cha maabara, daktari wa zamu atanipinga, na ana hoja: mgonjwa ambaye maambukizi yameingia kwenye damu hawezi kungoja siku mbili tatu vimelea vioteshwe maabara. Asingoje. Damu itolewe kwanza, sindano ichomwe papo hapo, kisha majibu yaamue kama dawa iendelee, ibadilishwe au iachwe. Ninachokataa ni ile dozi ya siku saba inayomalizwa bila yeyote kuuliza inatibu nini. Wengine watasema serikali haina fedha za vipimo hivyo. Lakini gharama haiepukiki, huhamishwa tu: mgonjwa aliyepewa dawa isiyomfaa hukaa wodini muda mrefu zaidi, na mwishowe ndugu zake hutumwa kununua meropenemu. Mpango wa taifa wa Uganda wa kupambana na usugu, wa 2018 hadi 2023, ulikwisha kuzitaja maabara. Kipimo cha damu kiingizwe kwenye bajeti ya wodi pamoja na dawa, mgonjwa asidaiwe.