Kungoja kwetu kumekuwa bidhaa

Wengi wenu muko na kaka ao shangazi kule Marekani. Mumuulize namna ananunuaka vitu kwenye Amazon. Anachagua viatu, anafika fasi ya kulipa, anaonyeshwa njia mbili: ungoje siku nyingi bila kulipia usafiri, ao uingie Prime, vifike kesho. Viatu ni vilevile. Chenye kubadilika ni kungoja tu, na kungoja ndiko kunauzwa.

Prime ilianza mwaka 2005 kwa dola 79 kwa mwaka. Tangu 2022 ni dola 139. Kulipia haraka si kosa. Hata motari wa Goma, ukimwambia akimbize, anaongeza bei. Lakini yeye anakuambia bei mbele upande, na ukishuka mumeachana.

Kule, kuachana ndiko kulikuwa kazi. Mwaka 2023 FTC, tume ya serikali yenye kulinda wanunuzi, iliishtaki Amazon kwamba iliingiza watu ndani ya Prime bila wao kukubali waziwazi, na kwamba njia ya kutoka ilikuwa ndefu mpaka ndani ya kampuni waliipa jina Iliad, sawa ile hadithi ndefu ya vita vya Wagiriki. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, na 1.5 kati yake zirudie wateja. Kosa haikukubali.

Na mwenye amelipa, je, anapata haraka yake? Desemba 2024, mwanasheria mkuu wa jiji la Washington aliishtaki tena: kwenye mitaa miwili ya posta, yenye wakaaji wengi weusi, kampuni iliacha kutumia magari yake kimyakimya tangu 2022. Kwa mashtaka hayo, koli zenye kufika ndani ya siku mbili zilishuka toka asilimia 72 mpaka 24. Kampuni ilisema ni juu ya usalama wa madereva. Sawa. Lakini, kwa mashtaka hayo, watu waliendelea kukatwa feza ileile bila kuambiwa.

Hatusemi koli ya bure inakalishwa kusudi kila mara. Tunasema hivi: siku kungoja kunaanza kuleta feza, muuzaji hana tena haraka ya kukupunguzia. Na wewe haufike depo kuhakikisha.

Hapa kwetu pia biashara ya kwenye simu inakomaa. Tuombe mapema, mbele mchezo huu uzoeleke: tarehe ya kweli kwa mwenye kulipa na asiyelipa, bei na siku ya kukatwa tena zionekane mbele ya kubonyeza, kutoka kuwe rahisi sawa kuingia.

Na wewe kijana, ukikubali mwezi wa bure, andika tarehe ya mwisho siku ileile. Bure ya mwezi huu ni deni la mwezi wenye kuja.