Nani Katunga "Blue in Green"?

Jamani, tuache kumpa Miles Davis sifa zote. "Blue in Green", iliyorekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, ilipigwa na watu watano tu. Cannonball Adderley alikaa kando. Mzunguko wake ni baa 10 (za muziki, si za pombe), wakati bluzi ya kawaida ina 12. Ndiyo maana ukisikiliza hujui umeanza wapi. Kind of Blue ikamtaja Davis peke yake. Bill Evans, mpiga piano, alisema waziwazi kwamba ni yake. Sisi tunaomshika mwizi wa shairi kwa mshororo mmoja, hapa kimya! Eti Davis ndiye kiongozi wa bendi. Kwa hiyo mhariri naye ndiye mtunzi wa riwaya? Desemba hiyohiyo Evans aliirekodi upya na wenzake wawili. Anzeni na hiyo.