Usipande Basi Kwenda Kuonyesha Tovuti

Vijana wa Garissa, tuongee ukweli. Tovuti ya mteja iko kwa laptopu yako, mteja yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Anataka kuiona leo. Wengi wetu tunamwambia, "Ngoja nije." Kazi inaenda kwa mtu wa huko.

Bando za simu mara nyingi zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, so mtu wa nje hawezi kukufikia. Lakini wewe unaweza kutoka. Kodi seva ndogo, andika:

ssh -N -R 8080:localhost:3000 jina@seva

Sasa poti 8080 ya seva inaleta mtu mpaka poti 3000 ya laptopu yako. OpenSSH ni ya bure, na bando haimalizwi na maandishi.

Kawaida poti hiyo inafikika ndani ya seva pekee. Msimamo wangu: iache hivyo. Weka nginx mbele, na nenosiri. Data ya mteja ni amana, walahi, si ya kuachia kila mpita njia. Mteja akimaliza kuangalia, bonyeza Ctrl+C, funga mlango.

Nauli ibaki mfukoni. Nani ameshajaribu? Semeni hapo chini.