Mwanagenzi wa Umeme: Fundi Mtarajiwa au Mbeba Ngazi?

Umeme umeacha kuwa anasa ya watu wa mjini. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, umefikisha nguzo katika vijiji zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara, na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Nguzo imefika, lakini nguzo haiingii ndani ya nyumba. Kuanzia kwenye mita hadi kwenye taa ya chumba wanacholala watoto, kazi yote ni ya fundi. Na fundi huyo aghalabu ni kijana wa mtaani petu, tunayemjua kwa jina la baba yake, ambaye hatujapata kumuuliza kazi hiyo amejifunza wapi na kwa nani.

Suala hili latuhusu mara mbili, ndugu zetu Waislamu. Sisi ni wazazi wa vijana wanaojifunza, na sisi ndio wenye nyumba, misikiti na madrasa ambamo vijana hao hufunga nyaya.

Kujifunza kazi kwa kumfuata fundi si jambo la kudharauliwa. Ndivyo walivyojifunza waashi wa nyumba za mawe za pwani, waunda majahazi, wachonga milango na washona kanzu. Nabii Zakaria (amani iwe juu yake) alikuwa seremala, na Nabii Daudi (amani iwe juu yake) alifundishwa kutengeneza deraya za chuma. Basi hatuna ugomvi na uanagenzi. Ugomvi wetu ni na ule utumishi wa bure uliovishwa jina la uanagenzi.

Tazameni unavyoanza. Kijana amemaliza shule, matokeo si mazuri, mzazi anamshika mkono na kumpeleka kwa fundi: "Mwanangu huyu, mfundishe kazi." Fundi anajibu, "Hapana tabu, mzee wangu." Yamekwisha. Haukutajwa muda, haikutajwa posho ya nauli wala ya chakula, haikutajwa kazi gani atafundishwa na katika mwaka gani. Kijana anaanza kubeba ngazi, anatindua ukuta kwa patasi ili bomba za waya zipite, anavuta nyaya, anatumwa chai. Siku ambayo fundi anaunganisha nyaya kwenye swichi kuu, kijana anatumwa dukani kufuata misumari. Miaka mitatu inapita hivyo. Kisha kijana anaondoka, ananunua testa, koleo na bisibisi, na mtaa unamwita fundi.

Huyu amejifunza kwa macho tu, na umeme ni katika vitu visivyoonekana kwa macho. Chukueni mfano wa rangi za nyaya. Katika mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambao majengo yetu mengi yalifungwa kwa kuufuata, waya wa moto ni mwekundu na wa nyutro ni mweusi. Na penye umeme wa fezi tatu, nyaya za moto ni nyekundu, njano na buluu. Katika mtindo mpya, ambao Uingereza yenyewe ilianza kuutumia mwaka 2004, waya wa moto ni wa kahawia na nyutro ni buluu. Na penye fezi tatu, nyaya za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu. Maana yake ni kwamba mweusi, uliokuwa nyutro, sasa waweza kuwa waya wa moto, na buluu, iliyokuwa ya moto, sasa ni nyutro. Aliyekariri kwamba "mweusi hauna moto", akiingia katika jengo lililofungwa nusu kwa mtindo huu na nusu kwa ule, ameshika mauti mkononi mwake. Sisi walimu wa madrasa twaijua tofauti hii vizuri: yupo mtoto aliyehifadhi sura kwa kuisikia, na yupo anayezijua herufi. Ukimfungulia msahafu mahali asipopazoea, wa kwanza hunyamaza. Fundi wa namna hiyo, kwa bahati mbaya, hanyamazi, huunganisha.

Au chukueni hesabu ndogo ya kugawanya. Birika la umeme la wati 2,000, katika umeme wetu wa volti 230, huvuta takriban ampia 9. Waya wa taa, ambao kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, haukukusudiwa kubeba birika, pasi na jiko kwa pamoja. Asiyejua kugawanya wati kwa volti huongeza soketi juu ya waya huohuo wa taa, nao unapata moto ndani ya ukuta bila mtu kuona. Sakiti breka inapokata kila jioni, mwenye nyumba analalamika, na fundi anaiondoa ile ya ampia 10 na kuweka ya 32. Haikati tena. Mwenye nyumba anashukuru na kulipa, ilhali aliyefukuzwa ni mlinzi.

Hatari ya pili ipo misikitini mwetu, mahali penye maji. Pampu ya kisima, bomba za chuma, sakafu iliyolowa, na watu mia moja miguu mitupu wakitawadha. Tumeona pampu zisizo na waya wa erthi kabisa, na nyingine ambazo waya huo umefungwa kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Wengi hudhani sakiti breka ya kawaida itamwokoa mtu. Haitamwokoa. Hiyo hulinda waya usiungue. Kinachomlinda mwanadamu ni erthi iliyo sawa pamoja na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho kwa matumizi ya nyumbani huwekwa kikate kwenye miliampia 30, kwa sababu zaidi ya hapo mapigo ya moyo yaweza kuvurugika. Taa moja ya zamani ya wati 100 huvuta zaidi ya miliampia 400. Kwa hiyo umeme usiotosha kuwasha taa hiyo watosha kuua.

Mafakihi hawakuliacha jambo hili. Imepokewa kutoka kwa Mtume (rehema na amani zimshukie) kwamba mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, yeye ni mwenye kudhamini madhara atakayosababisha. Na wanazuoni wamezungumza kwa urefu juu ya dhamana ya mafundi kwa mali za watu zilizo mikononi mwao. Kadhalika katika mlango wa ijara wameshurutisha kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane. Makubaliano ya "mfundishe tu" yana ujinga pande zote, na ujinga huo ndio unaozaa dhuluma.

Tusimwonee fundi, hata hivyo. Naye ana hoja zake. Mwanafunzi huharibu vifaa, hupunguza kasi ya kazi, na wapo wanaoondoka baada ya miezi sita na orodha ya wateja mfukoni. Ndipo fundi anapoamua kuificha ile sehemu ya mwisho ya kazi. Mkataba ulioandikwa ungemlinda yeye pia: kijana atakaa muda gani, na fundi atamfundisha nini kabla muda huo haujaisha. Nchini Ujerumani, ambako uanagenzi umewekewa sheria, kijana wa umeme husoma miaka mitatu na nusu, ana mkataba na mwajiri, analipwa posho, na ana vipindi vya kuwa darasani na vipindi vya kuwa kazini. Mafunzo ya vitendo na ya nadharia hayatengani. Kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo ina vifungu juu ya uanagenzi, lakini ni mzazi gani kati yetu aliyewahi kumwandikia fundi hata karatasi moja?

Njia zipo kwa anayezitaka. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa umeme katika vyuo vyake, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua waliojifunzia kazi mitaani, wakapewa cheti bila kurudi kuanza upya. Kijana wetu aliyebeba ngazi miaka mitatu hajapoteza miaka hiyo ikiwa atakubali kupimwa na kujaziwa palipopungua. Kisha ipo leseni ya EWURA, ambayo kwa Tanzania Bara ndiyo inayompa mtu ruhusa ya kufunga nyaya za majengo. Twajua pia kwamba wapo wanaokodi muhuri wa mwenye leseni ambaye hajaiona hata nyumba yenyewe. Huo ni ushahidi wa uongo, na mwenye nyumba anayeulipia ni mshirika.

Kwa mzazi tunashauri hivi: usimpeleke mwanao kwa fundi bila karatasi na mashahidi wawili. Ziandikwe nauli na chakula, muda, na kwamba kufikia mwaka wa pili atashika kipimo na kuunganisha mwenyewe mbele ya mwalimu wake. Jioni, mhimize hesabu. Asiyeipenda hesabu aelekezwe kazi nyingine mapema. Misikiti yenye uwezo yaweza kuwalipia vijana wawili watatu gharama za upimaji wa VETA, jambo ambalo kwa maoni yetu lina nafuu kubwa kuliko zulia la tatu juu ya mazulia mawili yaliyopo. Na kamati inapoita fundi wa pampu, imuulize leseni kabla ya bei, kisha imuulize yule kijana aliyeshika ngazi yuko mwaka wa ngapi, na wamekubaliana nini na mwalimu wake.