Acheni kupaka rangi picha za treni!

Jamani, kuna tabia inayoniudhi: mtu anachukua picha nyeusi na nyeupe ya injini ya dizeli, anaipitisha kwenye programu ya akili bandia, kisha anaisambaza kana kwamba ilipigwa kwa filamu ya rangi. Sisi tunaosaka picha za rangi za injini aina ya 90 (zile za English Electric zilizoanza kuja Afrika Mashariki mwaka 1960, baadaye zikaitwa 87) tunatafuta ushahidi wa rangi. Programu haina ushahidi huo.

Piga hesabu mwenyewe. Kanuni ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu ni 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu. Maruni ya 128,0,0 inatoa 38. Kijani kilichokoza cha 0,65,0 pia kinatoa 38! Sasa ukibaki na 38 peke yake, utajuaje ilikuwa ipi? Programu inakisia tu.

Mwenye nia ya kusaidia apekue masanduku ya wazee wa reli atafute slaidi. Kodachrome iliyowekwa gizani hutunza rangi kwa miongo. Hata picha ya karatasi iliyogeuka nyekundu ni mali, maana rangi iliyofifia bado ni data. Iskani mbele na nyuma. Nyuma huenda kuna tarehe na jina la stesheni.

Na kama lazima upake, andika "imepakwa rangi" juu ya picha yenyewe. Maelezo ya pembeni hupotea ikishasambazwa mara mbili.